Suke la Ishirini na Tisa

Jumatatu, 14 Julai
Uji tena. Mke wangu, Mama Sifa, amemeza vijiko vinne, akageukia ukuta. Mzito unamkaba. Mwepesi ni maji tu, naye anazidi kukonda. Kimea kizuri cha mtama kingelainisha uji bila kupunguza unga. Vimeng'enya vyake hufanya kazi hiyo. Kimea cha jirani hakikufanya lolote.

Jumatano, 16 Julai
Nimeotesha punje za masuke arobaini ya mtama, kutafuta lenye kimea kikali, kila suke kopo lake na namba yake. Mengine yametokana na mbegu aliyovuka nayo ziwa Mama Sifa, ndani ya pindo la kitenge. Mengine nilinunua kwa Waha, wenyeji wa hapa. Niliyachanganya mwenyewe. Uzembe. Natamani litakaloshinda liwe la kwetu.

Jumapili, 20 Julai
Vijiko viwili.
Kimea kimekauka. Kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi nimepata: Jumanne, siku moja tu. Ujanani, kwenye kituo cha kilimo, nilipima kimea mirija kumi na miwili kwa siku, nikidondosha tone kwenye iodini hadi buluu ya wanga isitokee tena. Arobaini ni siku nne. Naogopa.

Jumanne, 22 Julai
Kasulu. Nilimwomba Neema, binti wa maabara, aanze na sampuli kumi na mbili nilizodhani za kwetu.
"Babu, hizo nyingine zimekukosea nini?"
Akatoa kisahani cha plastiki, upana wa kiganja, chenye visima tisini na sita. Maji ya kimea cha kila suke yakaingia visima viwili. Bomba lenye midomo minane likadondosha wanga, kisha iodini. Mashine ikasoma rangi zote kwa pamoja. Chai yangu ilikuwa bado moto. Suke la ishirini na tisa, nje ya zile kumi na mbili zangu: hakuna buluu kabisa.
Nilifurahi. Niliumia kidogo pia, kwa miaka yangu ya mirija. Neema aliliona hilo. Akanipa mrija mmoja na saa, nihakikishe. Jibu lile lile.

Jumatano, 23 Julai
Uji wa kusimamisha mwiko. Ulipopoa kidogo nikatia kijiko cha kimea. Sikufika mia mbili kuhesabu, ukatiririka.
Mama Sifa alionja, akanitazama.
"Hii haiko ya kwetu."
Akamaliza nusu kikombe.
"Niongeze."

Jumapili, 27 Julai
Kikombe kizima asubuhi. Nilikuwa nimetenga punje za ishirini na tisa kwa mbegu. Akaziomba. Amezifunga mwenyewe, polepole, kwenye pindo la kitenge.