Mkeka wa Mama na Shangazi

Mjukuu wangu Salma,

Barua yako imenifikia. Sisi hapa Nakuru hatujambo. Mvua imenyesha, na mama yako amepaka jikoni rangi ya kijani ambayo sitaki hata kuizungumzia.

Umeniuliza utakaaje nyumba moja na wifi yako ilhali hamsemezani.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, mama yangu na shangazi yangu walinuniana hivyo hivyo hapa mtaani Bondeni. Walikuwa wanasuka mkeka wa harusi ya dada yangu kwa miyaa iliyoletwa na treni kutoka Pwani, kila mmoja na ukili wake, ule utepe mrefu wa kushonea mkeka, kila mmoja pembeni kwake. Kusuka unaweza peke yako. Kuunganisha, lazima mmoja ashone na mwenzake avute, la sivyo mkeka unapinda.

Baba akaketi katikati yao.

"Mwambie dada yako avute," Mama akasema.

"Mwambie mkeo nimevuta," Shangazi akajibu, na miguu yao karibu igusane.

Baba alipeleka maneno mpaka akachoka. Akachukua kofia yake akaenda msikitini, na adhana bado.

Wakautazama mkeka, ulikuwa umeshaanza kujikunja. Mwishowe nikamsikia Shangazi: "Wifi, nikivuta hivi inatosha?"

"Vuta tena kidogo," Mama akasema.

Dada aliniachia mkeka huo. Umepinda mwanzoni tu, pale Baba alipokuwa bado ameketi.

Unasema mumeo ndiye anayewapelekea maneno. Mpe kofia yake, mama, atoke kidogo.

Nyanya yako