Leso ya Mkaguzi

Kulthum shoga, homa yako imekukosesha uhondo! Vikaratasi hivi ntavisukuma chini ya mlango wenu Kikwajuni nkitoka skuli.

Unakumbuka wiki iliyopita nlivyokoroga ile dawa ya buluu ya kupakia shaba kwa umeme? Mwalimu Zahor akanambia mbele ya darasa zima: "Binti wa mpika halua, hapa maabara, si jikoni kwa baba'ako." Mlicheka nyote. Hata wewe ulicheka.

Basi leo kaja mkaguzi. Zahor anakipaka kijiko shaba, na umeme kauzidisha ili mgeni asingoje. Mimi nshashika kijiti cha gilasi nikoroge. "Weka chini!" Zahor akanikemea. Nikaweka. Wallahi nikaweka, nikafunga mikono.

Nlijua! Halua usipoikoroga inashika chini. Na dawa ile usipoikoroga, shaba iliyo karibu na kijiko inakwisha, ya mbali haiwahi kufika. Nlijua, nikanyamaza.

Kijiko kikatoka cheusi tititi, unga mtupu badala ya shaba ya kung'aa. Mkaguzi akakifuta kwa leso yake nyeupe ya mfukoni, weusi wote ukahamia kwenye leso. Leso nyeupe, Kulthum!

Akauliza darasa: "Kimekosekana nini?" Zahor jasho linamtoka. Nikanyanyua mkono.

"Kukoroga, bwana. Lakini hapa maabara, si jikoni kwa baba'angu."

Mkaguzi akanipa kile kijiti mkononi, akamwambia Zahor anishikie bilauri.

Kanishikia.