Shimo la Kiwanda cha Pombe

Chanji, Sumbawanga

Wifi yangu Redempta,

Habari za huko Kirando? Sisi tupo, baridi tu imezidi. Kabichi zimefunga vizuri. Ni zile alizopanda kaka yako Isdori nyuma ya kiwanda cha pombe, akizimwagilia maji machafu ya kiwanda yakishasafishwa kwenye mabwawa.

Siku ya mazishi uliniuliza Isdori alikufaje, nikashindwa kukujibu mbele za watu. Bomba la maji machafu liliziba. Benjamini, mwenzake wa kutunza mabwawa kiwandani, akashuka shimoni kulizibua, akaanguka kwa hewa mbaya. Watu wakamwambia kaka yako, "Subiri kamba."

Akasema, "Mpaka kamba ije, atakuwa ameshakufa."

Akashuka. Alimwinua Benjamini hadi wakamshika mikono, kisha mwenyewe akalegea.

Benjamini amepona. Huja hapa jioni, hukaa na watoto.

Jana waliniita kiwandani nichukue kazi ya Isdori. Watoto lazima wale, wifi. Nimekubali. Nimewaambia mabwawa nitayatunza, ila shimoni wasinitume.

Wameandika jina langu tu, wakaniambia nianze kesho.

Tuombee.

Wifi yako,
Bertila