Kofia ya Khavere

Makongeni, Nairobi
21 Januari 1996

Mama,

Ni sauti ya wembe. Kilio kimenitoka masikioni, nyimbo za kanisa zimenitoka, hata udongo ulivyogonga jeneza la Baba sikumbuki vizuri. Lakini ule wembe ukikwaruza kichwa cha Khavere, krr, krr, bado nausikia nikiwa kazini, nikiwa kwenye foleni ya maji mferejini. Mimi ndiye niliyeshika karai la maji.

Hamjambo huko? Mguu wako umepoa? Mimi nilifika salama, na Mjomba Patrobas anakupa pole tena kwa msiba, yeye na nyumba yake yote.

Mama, najua kwa nini tulinyolewa. Anayefiwa asiponyolewa anabaki na kifo mwilini, ndivyo ulivyonifundisha. Ila sisi nywele zilipoondoka tulibaki na ngozi nyeusi. Khavere alizaliwa bila rangi. Alibaki na nini? Siku mbili aliketi uani kichwa wazi akipokea mikono ya watu, na nilipoondoka utosi wake ulikuwa umetoka malengelenge. Alinishika sketi akasema, "Dada, kichwa kinapika." Dada. Miaka minane ananiita hivyo kama tulivyokubaliana, na siku ile neno lile lilinichoma.

Nimekutumia kifurushi kupitia dereva wa basi la Chavakali: kofia ya ukingo mpana, mashati mawili ya mikono mirefu, na kopo la dawa nyeupe ya zinki. Asitoke nje bila hivyo. Tafadhali.

Mwanao,
Ayuma


Chavakali
9 Februari 1996

Ayuma mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi tunaamka na tunalala. Mguu unaniuma tu nikishuka mtoni. Ng'ombe wa baba yako amezaa ndama jike. Angelikuwepo angelicheka.

Kifurushi kimefika. Kofia hiyo! Mke wa mchungaji aliigeuzageuza akaniuliza kama umeolewa na mzungu. Mungu akubariki.

Khavere ni mzima. Malengelenge yalipasuka, yakakauka, ila pana kidonda kimoja utosini, kidogo kama punje ya hindi. Nakipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, na yeye mwenyewe nampaka mwili mzima hadi ang'ae ndipo atoke. Asubuhi namketisha juani kidogo. Wewe ulisoma, lakini mimi nimelea watoto saba. Ngozi ya huyu haijaiva, ndiyo maana inachubuka. Jua litaikomaza.

Mama yako


Makongeni, Nairobi
25 Februari 1996

Mama,

Pole kwa mguu, na hongera kwa ndama. Barua yako niliisoma kazini mara nne. Nisikilize, na usinikasirikie.

Unajua kazi yangu ni kupima ngozi katika maabara ya kiwanda, hapa Industrial Area. Mbuzi wanachinjwa Kiamaiko, na ngozi zao tunaletewa na mtu anaitwa Gedi. Jumanne alileta zilizokauka, ngumu kama mbao, akazigonga kwa ngumi mbele yangu.

"Dada mkali, sikia hiyo! Ngoma! Andika daraja la kwanza twende nyumbani."

"Umezianika wapi, Gedi?"

"Juani. Kwani jua ni la nani?"

"Ngoja ziingie majini."

"Wewe huamini hata mama yako," akasema, wote wakacheka.

Siku ya pili tulizitoa kwenye tangi. Zilizokaushwa kivulini, zikining'inia kwenye fremu, zilikuwa laini na nzima. Za Gedi zilikatika vidoleni kama mkate uliolowa. Nje zilionekana zimekomaa, kumbe jua lilikuwa limeshazipika ndani. Gedi hakucheka tena. Alisema, "Lakini zilikuwa nzuri jana."

Ndivyo jua linavyofanya, Mama. Haliivishi, linaharibu polepole, na hesabu huja baadaye. Mimi na wewe tuna rangi ndani ya ngozi, chembechembe ndogo, na jua likitupiga zinajipanga juu kama watu wanaofungua miavuli. Khavere hana hata mwavuli mmoja. Hakuna kiasi cha jua kitakachomfundisha kuwa nao. Nywele zake, hata zikiwa za rangi ya majani makavu, ndizo paa la kichwa chake, na sisi tulilibomoa. Mafuta hayazuii jua. Yanamlainisha tu huku anaungua.

Avae kofia. Apakwe ile dawa nyeupe puani, midomoni, masikioni na shingoni. Atoke asubuhi mapema au jua likianza kushuka. Na kidonda hicho kifunikwe kwa kitambaa safi, kisha unieleze: kimepona au hakijapona?

Mwanao,
Ayuma


Chavakali
2 Aprili 1996

Ayuma,

Salamu nyingi. Mvua imeanza, tumepanda.

Barua yako ya ngozi za mbuzi nimeisoma. Sikujua mjukuu wangu siku moja atafananishwa na mbuzi wa Kiamaiko, lakini nimeelewa unachosema. Mafuta nimeacha.

Kidonda hakijaziba. Kinaota gamba, gamba linatoka, damu kidogo, kinaota tena. Hakimuumi sana. Shuleni amekalishwa nyuma kwa sababu watoto wanasema ananuka, naye huko nyuma haoni ubao.

Kofia usijali. Nimeitunza katika sanduku la bati pamoja na mashati, na ufunguo ninao shingoni. Anaivaa Jumapili tu. Kitu kizuri kama kile kikivaliwa kwenda kuchunga ng'ombe kitadumu siku ngapi? Kanisani anapendeza hadi watu wanasahau vile alivyo.

Mama yako


Makongeni, Nairobi
14 Aprili 1996

Mama,

Sijui hata nianze na salamu gani. Mko hai? Basi.

Kofia iko sandukuni! Miezi mitatu nimelala nikijua kichwa cha mtoto kimefunikwa, kumbe aliyefunikwa ni kofia. Kanisani kuna paa, Mama. Jumapili ndiyo siku pekee asiyoihitaji. Itoe. Ichakae, ichanike, itafunwe na ndama, nitanunua nyingine na nyingine tena.

Kidonda cha miezi mitatu katika ngozi isiyo na rangi si kidonda cha kusubiri. Kinaweza kugeuka kuwa saratani. Nimeliandika neno hilo.

Nimemwomba Mjomba Patrobas nimlete Khavere hapa kwake apelekwe kwa daktari wa ngozi. Alikuwa anafunga kamba za viatu aende zamu. Alisema, "Ayuma, vyumba viwili, watu saba. Na akitoka tu mlangoni, Makongeni nzima itakuja kumtazama. Utawaambia ni wa nani?" Alifunga kiatu cha pili akaenda.

Swali lake halijaniacha. Nilikuwa kidato cha tatu, na wewe ulisema, mwache kwangu, rudi shule, hakuna atakayejua. Nikaona ni wema. Ulikuwa wema. Lakini mimi niliupokea kwa haraka mno, Mama, na nilijua kwa nini. Nilimtazama mara moja kwenye blanketi, nikaona nyusi zile nyeupe, nikashukuru kwamba nina mahali pa kumwacha. Sijawahi kumwambia mtu. Ninaweza kusema ngozi inavyofanya kazi tabaka kwa tabaka, na sijui mwanangu hulala ubavu gani.

Mpeleke hospitali ya misheni wiki hii. Nijibu haraka.

Mwanao,
Ayuma


Chavakali
27 Mei 1996

Ayuma,

Amani iwe nawe. Nilikawia kujibu kwa sababu barua yako ilinilaza kitandani. Misheni tulikwenda. Walitupa dawa ya unga, wakasema turudi kikikataa. Kimekataa. Sasa kina ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda.

Kofia nilitaka kuitoa, kisha shangazi yako Nabalayo akazidiwa, nikawa huko kwake. Alifariki juzi. Tutamzika Jumamosi, na kunyolewa ni Jumanne, tarehe nne. Wazee wameuliza habari za Khavere. Nimewaambia atanyolewa kama wengine, polepole kuzunguka kile kidonda. Usinihukumu. Baba yako alipokufa, Khavere alinyolewa na yuko hai. Asiponyolewa halafu akafa, mimi nitajibu nini? Wewe unaogopa jua, mimi naogopa kifo kilichoingia nyumbani mara mbili mwaka mmoja. Sote tunamwogopea yeye.

Njoo umzike shangazi yako.

Mama yako


Makongeni, Nairobi
6 Juni 1996

Mama,

Ukiisoma hii utakuwa umeshatafuta kila mahali, ingawa jirani yetu Mulama aliahidi kukuambia kwamba Khavere yuko nami. Yuko. Amekula, amelala. Analalia ubavu wa kushoto.

Barua yako niliipata Ijumaa. Jumamosi mchana nilikuwa Chavakali, nyote mko mazikoni. Khavere alikuwa ameachwa nyumbani pamoja na kuku, kichwa wazi. Sikuja kumzika shangazi, na hilo nitalibeba. Sikumnyoa mtoto, wala mimi sikunyolewa. Kama kifo kimekaa katika nywele zetu, kiko hapa Makongeni na sisi, si huko kwako. Waambie wazee hivyo.

Daktari alikata kipande cha kidonda Jumatatu. Majibu ni baada ya wiki mbili. Nilimwuliza kama atapona, akasema hawezi kuahidi. Akasema pia kwamba wembe ungepita pale, angekuwa ananiambia maneno mengine. Nimepanga chumba kimoja upande wa pili wa nyumba za wafanyakazi wa reli, dirisha linatazama kusini, jua haliingii.

Jana tulienda mferejini pamoja. Foleni nzima iligeuka. Mwanamke anayeitwa Amolo akasema kwa sauti, "Aii! Huyu mzungu mdogo mmemwokota wapi?" Khavere alijificha nyuma yangu, akanishika sketi kama siku ile. Nikaweka mtungi chini.

"Ni wangu," nilisema. "Nilimzaa mwenyewe, nikiwa shule."

Amolo alinitazama, akamtazama mtoto. Kisha akasema, "Basi mpitishe mbele, mama, jua litamla."

Usiku wa kwanza Khavere aliniuliza aniiteje. Nimemwambia.

Sanduku la bati nimelivunja kwa jembe. Samahani kwa kufuli, lilikuwa la Baba. Kila kitu chako kimo, isipokuwa mashati mawili na kofia, ambayo ilikuwa bado na karatasi yake ndani. Ukingo umeshachafuka tope. Ufunguo ulio shingoni mwako unaweza kuuvua sasa.

Mimi,
Mama Khavere