Kukohoa kwa Niaba

Zahanati, chumba cha maabara,
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, na nyingine mpe shemeji. Hamjambo? Mtoto je, ameshaota jino? Maziwa anashiba? Huku sisi ni wazima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea. Nina ushahidi.

Babako amepona! Leo asubuhi nimeyatazama makohozi yake kwa darubini, nikayatazama tena, nikamwita muuguzi naye atazame. Hakuna hata kijidudu kimoja cha kifua kikuu. Nilipiga kigelegele humohumo maabara, wagonjwa wakadhani nimevamiwa na nyuki.

Sasa nikueleze nililokuficha, maana najua ulininunia nilipokuandikia usije na mtoto mchanga. Mwanzoni Mjomba, babako huyo, aliniletea kikopo cha makohozi kutoka nyumbani. Nikapima, nikamwambia yuko salama, tena nikajigamba kwamba darubini yangu haidanganyi. Wiki tatu baadaye naingia kwenye kibanda chake cha ushonaji, madirisha yote kafunga vumbi lisichafue nguo za watu, naye anakoholea kitambaa cheupe. Kilikuwa na damu.

Nikaenda kwa mamako na kikopo kingine, nikamwomba makohozi ili tumpime na yeye. Akashangaa. "Mwanangu, mengine ya nini? Yale ya kwanza si yalikuwa yangu?"

Mungu wangu! Kumbe Mjomba alimwomba amkoholee. Aliogopa wateja watamkimbia, eti nani atavaa shati lililoshonwa na mwenye kifua kikuu. Dada, mtu hutumwa sokoni kwa niaba, hutumwa hata harusini, lakini kukohoa? Nilimwakia mtu mzima bila haya, kisha nikalia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa amebaki mifupa mitupu. Makohozi yake mwenyewe yalijaa vijidudu.

Ikaanza miezi sita ya dawa, na hakuruka hata siku moja. Mwezi wa pili wa dawa vipimo vilikuwa vizuri, nikamwambia haambukizi tena, mjukuu aletwe. Akakataa katakata. "Nilishadanganya mara moja. Nitampakata nikimaliza."

Unalijua eneo letu. Zahanati ni hii moja, na wengine hutembea nusu siku kuifikia. Ndiyo maana watu walikuwa wakipata nafuu kidogo tu wanaacha dawa, halafu ugonjwa unarudi na hasira. Mwaka juzi tulizika tisa. Basi Mjomba alipopata nguvu akasema kibanda chake kiko njia panda, wagonjwa wa upande ule wamezee dawa kwake. Muuguzi akamfundisha na kumkabidhi kadi zao. Siku hizi madirisha yako wazi kutwa, vumbi na lije! Ukipita utamsikia, "Meza nione! Haya, fungua kinywa!" Anawasimulia mwenyewe alivyonichezea shere, wanacheka mpaka machozi, na mwenye kikohozi anakuja kwangu kukohoa mwenyewe. Wagonjwa kumi na tisa wamepita mikononi mwake na hakuna aliyekatiza dawa. Hakuna, Dada! Na wateja aliowaogopa wanapanga foleni.

Mamako anakusalimu sana, naye tumempima vizuri, kifua chake ni safi. Muuguzi naye anakusalimu, pamoja na jirani yenu mwuza mkaa.

Nilipompelekea Mjomba majibu leo, aliacha cherehani, machozi yakamtoka. Kisha akafungua kabati. Kwa kuwa hajui mjukuu amefikia kimo gani, ameshona magauni manne, kuanzia la kichanga mpaka la mtoto anayetambaa. Njoo, Dada, kabla yote manne hayajambana.

Mungu awafikishe salama.

Mdogo wako akupendaye daima,
Bibi Darubini