Nusu ya Pili ya Kitabu Chetu

Mwajuma wangu,

Kwanza nikuambie, brenda nimenunua. Najua ungenisema mpaka basi. Ulinikataza mwenyewe, umesimama nyuma ya kaunta ya duka lako pale Kasulu, brenda zimepangana nyuma yako, ukaniambia, "Hizo ni za wateja, Editha. Wewe ni mtu wangu." Sijaona mwenye duka mwingine anayefukuza hela namna ile. Basi nimeinunua hapahapa Kibondo baada ya wewe kuondoka, siku moja ambayo sikutaka kurudi nyumbani kukaa peke yangu. Imesaga parachichi mara moja, ikaanza kunuka moshi. Iko juu ya kabati, nimeifunika kitambaa. Ulikuwa sahihi, na sina wa kumwambia hivyo.

Tangu ufe nanunua vitu ovyo. Nimenunua spika inayowaka taa za rangi, na redio yangu nzima inaongea. Nimenunua vile vidude vya kusikilizia visivyo na waya, kimoja kikaniponyoka sikioni, kikatumbukia kwenye choo cha sokoni. Mtu anaposti kwenye grupu, naangalia picha, kidole kinabonyeza kabla ya akili. Zamani nilikuwa nakutumia ile picha kwanza, na wewe unanijibu neno moja tu, "Takataka." Ndiyo ilikuwa breki yangu, Mwaju.

Ila si brenda iliyonishikisha kalamu. Ni kitabu.

Unakumbuka tulivyowashangaza watu kwa kukata vitabu? Kitabu kimoja, wembe, tunakipasua katikati ya mgongo. Wewe unasoma nusu ya kwanza huko Kasulu, ukimaliza unaifunga kwenye mfuko unampa konda wa basi, na mimi naacha cherehani yangu naenda kuipokea stendi ya Kibondo. Nusu ya pili inafuata ukishaimaliza. Nilikuuliza kwa nini tusinunue kila mtu chake, ukasema, "Tukinunua viwili, kila mtu atanyamaza na chake." Na kweli, hukujua kunyamaza. Pembeni mwa kila ukurasa penseli yako inagombana na watu wa kwenye hadithi, mimi nasoma hadithi na nakusoma wewe.

Cha mwisho kilikuwa kile cha mjane na shemeji yake anayeitaka nyumba. Ulinitumia nusu ya kwanza wakati umeshaanza kulazwa na kuruhusiwa, kulazwa na kuruhusiwa. Iliishia shemeji anagonga mlango, amekuja na mwenyekiti wa kijiji. Nusu ya pili ulikwenda nayo hospitali. Kwenye simu sauti yako imeshakuwa ndogo, ukaniambia, "Tulia, naimalizia, nitakuletea mwenyewe."

Siku nilipopigiwa simu nilikuwa nakata kitambaa cha sare. Niliacha mkasi juu ya meza, nikakimbilia basi. Ninyi Waislamu hamchelewi kuzika, najua, maiti haisubiri msafiri. Nilipofika Kasulu nikakuta ndala nyingi mlangoni, na wanaume wanarudi makaburini wananawa udongo mikononi. Siwalaumu. Lakini sikukuona, Mwaju. Mpaka leo mwili wangu unaamini uko dukani.

Nikaitaka ile nusu. Wala si kwa ajili ya mjane. Nilitaka kuona uliandika nini ukiwa umelala pale kitandani, maana ndiyo maneno yako ya mwisho na hakuna mwingine aliyejua kwamba yapo. Nikaona aibu. Mama yako Bi Saumu anamlilia mwanawe, mimi nimuulizie kitabu kilichochanika? Nikasema nisubiri arobaini. Laiti ningekosa adabu siku ileile.

Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha na watu wameshakula, nikamsogelea mama. Akanishika mkono, akasema nguo zako zimetolewa sadaka, na mfuko uliorudi kutoka hospitali alimpa mdogo wako Ramadhani aupeleke dukani. Nikaenda dukani.

Duka limebadilika. Lina muziki, maboksi yamefika darini. Ramadhani hakunipa hata nafasi ya kukaa, akaanza kuninadia kishikwambi. "Dada Editha, humu vitabu vyote vimo. Hutabeba makaratasi tena." Nikikuambia sikutamani nitakuwa nakudanganya. Kilikuwa chembamba, kioo kinang'aa, na mkono umeshaingia kwenye mkoba. Ndipo nikamuuliza kuhusu kitabu.

Akazima muziki.

Yeye alijua ni kitabu kibovu. Hakina jalada la mbele, kinaanzia katikati ya maneno, kimechorwachorwa penseli. Nani anatunza kitu kama hicho? Alikuwa anachana kurasa, anazikunja na kuzisokomeza kwenye maboksi ya chupa za chai zisivunjike njiani. Nilitaka kumkasirikia ikanishinda. Sisi wenyewe ndio tulikifanya kionekane takataka, kwa wembe wetu.

Nilipomweleza ile penseli ni yako, alifunga mlango wa duka, akateremsha maboksi yote. Tukakaa chini sakafuni, tunafungua, tunatoa chupa, tunakunjua karatasi. Alikuwa analia, mimi sikulia. Nyingine zilishauzwa. Huko Gwarama, huko Kabanga, kuna watu wamezitupa kurasa zako jalalani wakatia chai kwenye chupa, na hawana kosa. Tulizozipata nikazipanga kwa namba, nikawa nazinyoosha kwa kiganja pajani.

Ulikuwepo. "Mwongo huyu." "Mama, usifungue mlango!" "Hapa mwandishi kachoka." Nilicheka, Mwaju, katikati ya machupa. Halafu mwandiko ukaanza kuinama. Maneno yakawa machache, mistari inateleza. Nikafika ukurasa ambao mjane amesimama mbele ya shemeji yake, na wewe umeandika pembeni, "Mimi ningemwambia". Basi. Hapo penseli imeishia.

Kurasa zilizofuata ni safi. Mpaka ya mwisho, ambayo ipo nzima, haina alama yoyote. Siku zote hizi nilidhani unajua mwisho, umetangulia nao. Kumbe hukufika.

Ramadhani alisema atakitafuta kitabu kizima kwenye kishikwambi, anipe bure. Nikamwambia aache. Cha humo ni kizima, ila ndani yake wewe hupo.

Nimezipiga pasi kurasa, kwa moto mdogo, juu ya kitambaa. Nusu zetu mbili nimezishona pamoja kwa uzi mweusi wa suti. Mwisho sijausoma. Nitaanzia pale ulipoachia, nikusomee kwa sauti hata majirani wakisema nimechanganyikiwa, na pembeni nitagombana na watu wote wa kwenye hadithi kwa niaba yako. Brenda nyingine sinunui, hilo nalo nakuahidi.

Lala, shoga yangu. Penseli nimeshachonga. Pale uliposema "Mimi ningemwambia", sitamalizia. Nitapaacha hivyohivyo.

Editha wako