Datsun ya Deo

Jumatatu, 4 Agosti

Landkruza mbili gereji asubuhi. Moja springi ya nyuma imekatika, nyingine bushi zimekwisha. Vumbi la kreta ya Ngorongoro limejaa hadi kwenye breki. Zote zimetoka kabla ya chakula cha mchana.

Mchana simu ya shemeji Faustini. Miaka miwili hajapiga, tangu tumzike ndugu yake, mume wangu Deo. Leo sauti laini. Anasema Datsun imegoma. Mafundi wa Moshi wameshindwa, wa Arusha wameshindwa. Kapata mnunuzi Dar, na mnunuzi anataka gari lije kwa miguu yake lenyewe, si juu ya lori. "Mama Neema, mkono wa Deo umebaki kwako."

Mkono wa Deo. Anathubutu.

Nimesema alete.

Jumatano, 6 Agosti

Imefika. Datsun 240Z, rangi ya chungwa, pua ndefu. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilipandwa na hasira tu.

Deo aliikuta Oldeani, kwenye ghala la shamba la kahawa, kuku wanatagia kiti cha dereva. Tuliijenga kwa miaka tisa. Mwanzo mimi nilishika taa, yeye spana. Mwishoni nilishika spana, yeye taa.

Naandika ili nisije kujidanganya baadaye. Tulimzika Deo Rombo. Siku ya kuanua tanga, Faustini alisimama mbele ya wazee wa ukoo akasema gari ni la ukoo, na mimi nimekuja tu kuolewa. Wazee wakatazama chini. Nilikuwa bado nimevaa nyeusi. Jioni ileile akaondoka nalo, viatu vyangu vikiwa ndani.

Akaliweka uani kwenye baa yake, wateja wapige nalo picha. Kiti cha abiria kina matundu ya sigara. Nimeyapitishia kidole moja moja.

Tluway, mchomeleaji wa jirani, alinisaidia kulisukuma ndani.

"Mama Neema, hii si ndiyo ile yenu?"

"Ndiyo."

"Na unamtengenezea yule yule?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ama ni mtakatifu ama una malaria."

Nilicheka. Tluway ananijua. Hakucheka sana yeye.

Ijumaa, 8 Agosti

Kabureta zote mbili chini. Hizi mbili lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini inatetemeka kama ina homa. Mtu kazifungua kwa koleo. Nati zimelika pembe. Ndani kuna mchanga na mabaki ya silikoni. Nimeosha, nimepuliza, nimepanga kwenye kitambaa cheupe kama Deo alivyonizoesha.

Breki nimefanya zote. Mipira mipya, mafuta mapya, mabomba mapya mbele na nyuma. Kwenye breki sina mchezo.

Kazi imekwenda vizuri. Ndicho kinachoniudhi. Mikono inafurahi, moyo unachemka.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Tulipofika kwenye kuwasamehe waliotukosea nilifunga mdomo. Niliwaacha wengine wasome.

Pale pale wazo likaja. Nalieleza taratibu, maana ni wazo zuri.

Karatu iko juu. Hewa nyepesi. Kabureta za hapa zinabanwa, petroli kidogo, la sivyo plagi zinajaa masizi. Na moto wa plagi unawahishwa kidogo ili gari lipande vizuri. Ndivyo Deo alivyoifunga Datsun, na kwa Karatu ndivyo inavyotakiwa. Lakini ukishuka kule chini, kwenye joto na hewa nzito, petroli ile ile haitoshi tena. Gari haliungurumi vibaya. Linakwenda kasi, linapendeza. Ndani linajichoma. Ukilikazania kwa mwendo mrefu, pistoni inatoboka.

Kwa hiyo kila tuliposhuka Tanga, Deo alisimama Mombo. Anafungua boneti, analegeza nati mbili chini ya kabureta, anarudisha nyuma taiming, ule moto wa plagi. Tunakula machungwa, tunaendelea. Wakati wa kupanda, tunasimama tena, anabana.

Hakuna fundi wa Moshi anayelijua hilo kuhusu gari hili. Faustini ndiyo kabisa.

Sihitaji kuharibu kitu. Nalifunga kwa ajili ya Karatu, kwa usahihi wote. Halafu nanyamaza.

Simtaki afe. Ndiyo maana nimetengeneza breki. Namtaka asimame porini kwenye mkonge, boneti juu, moshi unatoka, mnunuzi anasubiri Dar na anapiga simu. Namtaka aombe lifti.

Jumanne, 12 Agosti

Imewaka. Mara ya pili tu kuzungusha ufunguo. Sauti ile. Tluway alizima mashine yake akaja kusimama mlangoni, miwani ya kuchomelea kichwani.

Nilikwenda nayo kupima kwenye mlima wa kuelekea geti la Ngorongoro. Lami nzuri, kona nzuri. Inavuta. Gia ya tatu, mzunguko unapanda, haikohoi hata kidogo. Magari ya watalii yalikuwa yanateremka, dereva mmoja alitoa kichwa nje akapiga kelele, "Mama, umeiba gari la mume wa nani?" Nilimpigia honi.

Getini niligeuza. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye miti. Nilizima injini nikasikiliza chuma kinavyopoa, tik, tik. Nilifurahi kabisa. Nilikuwa na Deo pembeni.

Hapo nilitaka kubadili mawazo. Ukweli ni huo. Pistoni sita zile tulizivalisha ringi sisi wawili, jikoni, kwa sababu gereji ilikuwa inavuja.

Halafu niliona matundu ya sigara.

Nimebana nati za kabureta nusu mzunguko zaidi ya alivyobana Deo. Hiyo si Karatu. Hiyo ni yangu.

Alhamisi, 14 Agosti

Faustini kaja kuchukua. Shati la maua, miwani, manukato. Alizunguka gari mara mbili kama anakagua ng'ombe mnadani.

"Shemeji, wewe ungezaliwa mwanaume."

Nilimwambia karibu chai. Alikunywa, akala maandazi yangu mawili. Akasema kuhusu malipo nimfanyie kama familia. Nilikubali haraka mno. Nadhani alishtuka.

Mlangoni akauliza, "Kuna la kuangalia njiani?"

Swali la wazi. Angeweza kuacha kuuliza, lakini aliuliza.

Nilisema, "Gari iko sawa, shemeji. Wewe kanyaga."

Kaondoka kwa mbwembwe, vumbi hadi kwa Tluway. Nilinawa, nikafunga bushi za Landkruza nyingine.

Ijumaa, 15 Agosti

Faustini kapiga kutoka Moshi. Gari ni risasi. Kesho alfajiri anashuka Dar.

Halafu, kama kitu kidogo: Mama anakwenda naye. Anataka kumwona binti yake Dar, na basi linamvimbisha miguu.

Mama mkwe. Miaka yake ni themanini kasoro. Wakati Neema anazaliwa alikaa na mimi mwezi mzima, ananikanda kwa maji ya moto, ananichinjia. Siku ile ya tanga alikuwa amelazwa kwa presha. Hakuwepo.

Sikupanga Mama awemo.

Nimesema, "Mpe salamu." Nikakata.

Jumamosi, 16 Agosti

Simu nimeiweka juu ya meza ya vifaa tangu asubuhi. Kazi haiendi. Nimevunja uzi wa bolti. Mimi, bolti.

Mama mwenyewe kapiga wakiwa Same. Wamesimama kunywa chai. Sauti ya furaha. "Mkamwana, gari inakwenda kama ndege! Faustini anaimba." Nyuma nilisikia kweli anaimba.

Kutoka Same hadi Mombo kuna nafasi ya kutosha. Maneno machache tu: mwambie asimame Mombo, anipigie, nimwelekeze. Bisibisi na spana ndogo viko kwenye buti, niliviweka mimi.

Nikawaza: Mama atakaa juani. Nikawaza: Faustini anaimba. Ndani ya gari la Deo, anaimba.

Nilisema, "Safari njema, mama."

Baada ya hapo nilikwenda nje, nikakaa kwenye tairi. Tluway akaniuliza kama ninaumwa. Nilisema ndiyo.

Nilimpigia Mama baadaye. Nakubali, nilipiga. Mara tatu. Haikupatikana.

Jumapili, 17 Agosti

Imetokea. Kabla ya Segera. Wifi yangu wa Dar ndiye aliyenieleza. Mlio wa kugonga, kama mtu ana nyundo ndani, Faustini akaongeza mwendo akidhani litapita. Moshi wa bluu. Likazima. Breki zilishika vizuri, wakatoka barabarani salama.

Mama kakaa chini ya mti usio na majani tangu mchana hadi jua linazama. Faustini alisimamisha malori kwa shati lake la maua. Mnunuzi alipiga, akapiga, halafu akaacha kupiga.

Nimeuliza, Mama yuko vipi? Miguu imevimba. Anakula.

Sikwenda kanisani. Nimepika, sikula. Lakini nilivyofikiria Faustini akipunga shati, nilicheka peke yangu jikoni hadi nikashika meza. Yote mawili yamo humu. Sitafuta hata moja.

Jumatatu, 25 Agosti

Fundi wa Segera kamwambia Faustini injini imekufa. Mnunuzi kakataa. Gari liko uani kwa watu na wanataka hela ya kulilaza.

Kapiga kwangu. Safari hii hakuna asali.

"Uliifanya nini?"

"Niliifunga kama Deo alivyokuwa anaifunga. Muulize fundi yeyote wa huku."

Halafu: "Basi njoo uchukue chuma chako."

Chuma changu. Nimesubiri neno hilo miaka miwili, na sikulikubali. Nilimwambia haisemwi kwenye simu. Arudi Rombo, awaite wazee wale wale, aseme mbele yao. Akishasema ndiyo nitatuma lori.

Alinitukana kwa Kichaga. Nilisubiri amalize.

"Jumamosi," akasema.

Jumamosi, 30 Agosti

Rombo. Wazee wale wale, viti vile vile vya plastiki. Nilivaa gauni la njano.

Faustini alisema haraka, anaangalia migomba. Mzee wa kwanza akaweka mkono sikioni. "Hatujasikia, Faustini." Nadhani alisikia. Faustini akarudia: "Gari ni la Mama Neema, lilikuwa lake, mimi nililichukua." Safari hii kwa sauti. Mmoja akakohoa. Nilimtazama usoni muda wote. Utamu ule sijui nitaupata tena wapi.

Kisha Mama aliniita jikoni kwake. Amekaa, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Hakuanza kwa salamu.

"Deo alikuwa anasimama Mombo."

Niliangalia maji ya beseni.

"Nilimwambia Faustini simama, ndugu yako alikuwa anasimama hapa. Akasema Mama Neema kasema gari iko sawa, kanyaga."

Nilipiga magoti nikaanza kumkanda miguu. Bado imejaa, kidole kinaacha shimo.

"Yeye alistahili," akasema. "Mimi ulinipima ukaona nafaa kuchomwa naye. Usije ukanifanyia tena."

"Sitarudia, mama."

"Na maji yamepoa. Ongeza."

Niliongeza.

Jumatano, 3 Septemba

Lori la vitunguu lililokuwa linarudi tupu kutoka Dar limeileta. Ndani kuna maganda ya vitunguu kila mahali. Tluway kaita vijana, tumelishusha kwa mbao.

Tluway anajua. Hajaniuliza. Kasema tu, "Karibu nyumbani," akiliambia gari.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimefungua injini leo, peke yangu, mlango umefungwa.

Pistoni ya tano ina tundu la kupita kidole. Hilo nililitarajia. Nilishajua pa kupata pistoni.

Silinda hedi sikuitarajia. Ni kile kichwa kinachofunika pistoni zote. Deo alikisugua ndani kwa mkono, chumba kwa chumba, kwa msasa laini na mafuta, mvua nzima ya masika, hadi unaweza kujiona uso. Juu ya pistoni ya tano na ya sita aluminiamu imeyeyuka. Imejaa vidonda. Kuna ufa unaokwenda hadi kwenye njia ya maji. Hakitengenezeki. Nimekipima kwa rula, nimemwaga mafuta ya taa, yamepita. Nimerudia. Yamepita.

Faustini alikaa na gari hili miaka miwili, akachoma viti, akalegeza nati kwa koleo. Hapa ndani hakuwahi kufika. Nimefika mimi.

Sijutii Rombo. Ningeitwa tena mbele ya wale wazee, ningevaa gauni lile lile. Lakini nusu mzunguko ule ningeurudisha.

Vyumba vinne vya kwanza bado vinang'aa. Nimevisafisha kwa kitambaa, kimoja kimoja, ingawa havina kazi tena. Nilichukua muda. Kisha nimekiweka kichwa dirishani, upande unaong'aa ukitazama ndani.

Injini imebaki wazi. Upepo wa Oldeani umeanza kuvuma na vumbi ni jingi mwezi huu. Nimevua khanga, nimeifunika, nimeichomeka pembeni pande zote.